Waya Uliotoka Chunya

Juzi nilimfokea mtoto wa watu kwa sababu ya waya wa kuanikia nguo. Baridi ya Iringa mwezi wa sita haina mchezo, nilikuwa nimefua mablanketi, nikayaanika yakiwa bado yanachuruzika maji, waya ukashuka mpaka pindo zikagusa majani. Jioni nikaanua. Waya haukurudi. Ukabaki umelegea katikati kama mdomo wa mtu aliyenuna. Festo, kijana aliyepanga chumba cha uani, akaja na koleo lake, ana roho nzuri yule, akasema, "Mama, ngoja nikukazie." Akaanza kuusokota pale kwenye nguzo. Waya ukanyooka, ukalia tiii. Nikapiga kelele ambayo hata mimi mwenyewe sikuijua imetoka wapi.

"Acha! Usikaze! Achia hiyo kitu!"

"Mama, si waya wa nguo tu huu?" Anacheka, lakini mikono ameshaitoa.

Nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Vidole vyangu vilikuwa vinanuka kutu, ile kutu yenye grisi ya zamani ndani yake, na harufu hiyo ikanirudisha moja kwa moja upande wa Tukuyu, kwenye mto wetu, nikiwa mtoto wa kukatwa nywele kipara, nikimtazama mama yangu amechuchumaa mguuni pa daraja. Sijawahi kumwambia mtu wa hapa habari hizi. Leo naziandika kwa wenzangu wa rika langu, mliokuwa watoto wakati wa vijiji vya ujamaa, mnajua mambo yalivyokuwa. Na majina nitayataja. Mtu akifa, kwetu anasafishwa mdomoni mwa watu mpaka unadhani alikuwa malaika. Mimi siwezi. Nilisoma mpaka darasa la nne, sikuendelea, na aliyenitoa darasani anaitwa Ambakisye Mwakifuna, mwenyekiti wa kijiji. Msaidizi wake katika kazi hiyo alikuwa Sanga, katibu kata. Baba yangu simlaumu, alikuwa mbali, machimboni kusini, tulikuwa tunapata salamu zake tu kwa watu waliorudi.

Sisi tuliishi kwa babu, mzaa baba. Nyumba zetu zilikuwa upande huu, katikati ya migomba, na shule, zahanati na duka vilikuwa ng'ambo. Katikati palikuwa na korongo, na ndani ya korongo mto, maji meusi yanapita juu ya mawe yenye ncha. Daraja la zamani lilikuwa la magogo na mianzi. Kila mwaka kabla ya masika wanaume walishuka wote, wakakata mianzi mipya, ile ya zamani wakaitupa mtoni hata kama bado inaonekana nzima. Hakuna aliyebishana. Na daraja lile lilikuwa linalia. Ukikanyaga tu, kweee, kweee. Wakubwa walikuwa wanasimama kusikiliza, wanaulizana, "Limelia wapi leo?" Likilia mahali pageni, hapavukwi mpaka mwanzi ubadilishwe. Kwa hiyo sisi watu wa kule tulijua jambo moja kuhusu madaraja: linalolia linaumwa, lililonyamaza ni zima. Ndivyo tulivyofundishwa na mianzi.

Basi Ambakisye akaleta waya. Lori lilitoka nao Chunya, jekundu kwa vumbi, vumbi ambalo kwetu kwenye mvua kila siku tulikuwa hatulijui. Ulikuwa waya mnene kuliko dole gumba la mtu mzima, umesokotwa kwa nyaya ndogondogo nyingi, umezungushwa kama chatu aliyelala, unanuka grisi. Ulitoka kwenye mgodi uliokufa, ulikuwa umevuta ndoo za mawe kutoka chini ya ardhi miaka na miaka kabla mimi sijazaliwa. Ambakisye alisimama juu ya lori, kofia imekaa upande, akasema, "Huu umenyanyua dhahabu ya Wazungu. Utashindwa na ndizi zenu?" Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mimi niliamini kabisa kwamba dhahabu imebaki ndani ya waya. Nilikwangua kwa ukucha nikapata grisi nyeusi, nikaionja.

Daraja likajengwa kwa nguvu za wananchi. Nyaya mbili nene zilipitishwa juu ya nguzo za miti, ncha zake zikateremshwa mpaka ardhini, zikafungwa kwa vibanio vya chuma kwenye magogo yaliyozikwa na kukandamizwa mawe. Mbao zikaning'inizwa chini yake. Na jamani, lilikuwa na raha! Tulikuwa tunasimama katikati sisi watoto tu, tunaruka pamoja, mbao zinashuka, halafu zinapanda, zinaturusha juu, kisha daraja lenyewe linatulia pale pale lilipokuwa, kama halikuguswa.

"Tuka, toka hapo katikati! Umemeza jiwe la kusagia wewe?"

"Nyamaza, wewe mwenyewe likikurusha unakojoa!"

Tusekile ndilo jina langu, wenzangu waliniita Tuka. Nilikuwa sijui kwamba chuma kinavutika. Manati nilijua, mpira wa tairi nilijua, lakini chuma, nani angeniambia? Daraja ndilo lililoniambia. Ukilisogeza linasogea, ukiliachia linarudi. Nikaona lina adabu kuliko watu.

Hapa lazima nieleze habari ya mama na babu, maana bila hiyo hakuna mtakachoelewa. Kwetu Unyakyusa mwanamke aliyeolewa haonani na baba mkwe wake. Tunasema ukutila, yaani kumwogopa kwa heshima. Hamtazami, hamsemeshi, hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mkwe anatoka pembeni, anachuchumaa, anajifunika kanga, anakaa hivyo mpaka mzee apite. Na mzee naye anageuza uso, anapita kama hajaona kitu. Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. "Mwambie babu chakula kiko tayari." "Mwambie mama yako ndaga fijo, asante sana, ndizi zimeiva vizuri." Nyumba moja, miaka yote ile, na babu alikuwa hajui sura ya mama yangu.

Sasa kwenye daraja huwezi kupishana. Njia ni moja, nyembamba. Kwa hiyo mama akimwona babu anakuja, au akisikia kikohozi chake, alishuka pembeni mwa nguzo, kwenye majani, pale ambapo waya unaingia ardhini, akachuchumaa na kugeukia magogo. Wake wa watu wengine nao walikuwa wanakaa hapo hapo. Pakawa mahali pa wakwe. Mwanaume mwenye akili zake hapiti hapo wala hapatazami, utaambiwa unawinda wake za watoto wa wenzio. Na babu alikuwa balozi wa nyumba kumi, kuvuka kwake hakukuwa na mwisho, mara kikao, mara mgeni. Mama alikaa pale muda mwingi kuliko mtu yeyote, kanga kichwani, macho chini, na mbele ya macho yake kulikuwa na waya, vibanio na mawe.

Halafu ikaja mashine ya kusaga. Sanga, katibu kata, alitaka mashine iwe upande wetu, ofisi ya kijiji ilipokuwa, na barabara ya lori iliishia ng'ambo. Chuma kile kilikuwa na injini yake, gurudumu lake, na kitako cha chini cha chuma tupu. Wazee wakasema ifunguliwe, ivushwe vipande vipande. Sanga akasema mgeni wa mkoa anakuja kuizindua, fundi wa kuifunga tena tutamtoa wapi? Wakaifunga kwenye magogo, wanaume wakaiweka mabegani, wengi, wamebanana, wakaingia nayo darajani wakiimba. Niliwaona kutoka ukingoni. Wimbo wao ulikufa walipofika katikati. Daraja lilishuka, likashuka, mpaka waliokuwa katikati walionekana kama wamesimama ndani ya bakuli. Likalia mara moja, sauti nene, kama ng'ombe aliyepigwa. Mtu mmoja akasema kwa sauti nyembamba, "Jamani, twendeni tu," na hakuna aliyecheka. Wakatoka upande wetu wakiwa wamelowa jasho. Ambakisye akarukaruka pale kwenye majani kama mtoto. "Nani alisema halitabeba? Nani? Ajitokeze!"

Tokea siku hiyo daraja halikurudi. Mashine ilikwishatoka, watu wamekwishakwenda kunywa, nalo limebaki chini, tumbo nje. Sisi watoto tulifurahi! Sasa ukikaa katikati ukaning'iniza miguu, maji ya mto yanakurushia matone kwenye nyayo. Tukaruka, likaturusha kidogo tu, kwa uvivu. Na halikulia tena kabisa. Nilikimbia kumwambia mama, "Mama, daraja limetuzoea! Limelainika, halilii!" Watu wazima nao walisema hivyo hivyo. Lililia siku ya mashine, sasa limenyamaza, basi ni zima. Mianzi ilikuwa imetudanganya sote, maana waya si mwanzi. Mwanzi unakupigia kelele kabla. Waya hauna maneno.

Kitinda mimba wangu, Tumaini, yuko kidato cha pili. Aliniambia shuleni wamefundishwa kwamba kila kitu kigumu kina mpaka wake wa kuvutwa. Ndani ya mpaka kinarudi. Ukikivusha mpaka, hakirudi tena, kinabaki na alama ya mzigo ule hata mzigo ukiisha kuondoka, na kuanzia hapo kinaelekea kukatika. Alinichorea, mstari unapanda, unapanda sawasawa, halafu unapinda. Nikamwambia, mwanangu, pale unapopinda pana jina la mtu.

Mama ndiye aliyeona. Siku moja babu alikuwa anavuka na wageni, wanazungumza, wanasimama, mama yuko mahali pake amechuchumaa. Akaona chini ya kibanio nyaya ndogo zimechomoka, zimesimama kama ndevu za mahindi. Akadhani ni za siku zote. Kesho yake zimeongezeka. Vipande vingine vilikuwa vimeanguka kwenye majani, vifupi, ncha zinang'aa. Akaviokota. Akavifunga ndani ya jani la mgomba, akanipa.

"Mpelekee babu. Mwambie nimeviokota kwenye mguu wa daraja, upande wetu. Mwambie kila siku vinaongezeka. Mwambie nimesema watu wasivuke. Rudia."

Nikarudia. Alinishika bega, vidole vyake vilikuwa baridi.

Babu alikuwa amekaa mlangoni anachonga mpini. Nikapiga magoti, nikasema neno kwa neno. Akafungua jani, akachukua kipande, akakipinda kidogo tu kwa vidole vya kizee vile. Kikakatika, tak. Akachukua kingine. Tak. "Mama yako ameviona lini?" "Alipokuwa anakungoja upite, babu." Akavaa koti, akaenda ofisini, nami nyuma yake nimebeba lile jani. Babu yangu hakuwa mtu mbaya. Nasema hivyo mjue.

Ofisini walikuwepo Ambakisye, Sanga, na wazee kadhaa wanaota jua barazani. Babu akaeleza. Ambakisye akachukua kipande, akakinusa, akakitupa uani.

"Hizi ni takataka za fundi. Alikata ncha pale wakati wa kufunga. Nani amekuletea?"

"Mke wa mwanangu."

"Mke wa mwanao." Akawatazama wengine. "Mzee, mkweo akiwa pale amejifunika, si ndiyo? Kichwa chini, si ndiyo? Sasa ameonaje nyaya?"

Babu akavuta koti lake mwilini.

"Au anapenyeza jicho?" Ambakisye akajifunika kofia usoni, akachungulia kwa pembeni, anapepesa macho kama mwanamwali. "Labda alikuwa anakuhesabia vidole vya miguu, baba mkwe!"

Baraza zima likalipuka kwa kicheko. Sanga alicheka mpaka akajishika tumbo, na yeye alikuwa Mkinga, mila yenyewe si yake. Nilisema, "Waya uko chini, uko hapa," nikaonyesha usawa wa uso wa mtu aliyechuchumaa, lakini nani anamsikiliza mtoto wa kike kwenye baraza la wanaume? Wangeshuka tu. Hatua chache kutoka pale, wangeshuka na kutazama. Hakuna aliyeshuka, kwa sababu ni mahali pa wakwe, na baada ya maneno yale ndiyo kabisa, nani angetaka kuonekana anapekua majani yale? "Waya uliobeba mashine ya kusaga," Ambakisye akamalizia, "utashindwa na mzee kama wewe?"

Babu alirudi nyumbani amepungua. Njiani aliniambia bila kunitazama, "Mwambie mama yako asikae tena pale. Apite kwenye kivuko cha juu, akanyage maji. Na asiniletee tena maneno ya daraja." Nilimwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi. Aliendelea kumenya mpaka zikaisha zote, na zilikuwa nyingi kuliko tulizohitaji.

Mgeni wa mkoa akatangazwa kwamba anakuja kweli. Sanga akapita, akalitazama daraja, akasema, "Linatutia aibu. Limekaa kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba. Kazeni." Wakalikaza. Walikwenda upande wa ng'ambo, wakafungua vibanio vya kule, wakauvuta waya kwa mnyororo na wenzo, wanaume wamejipanga kama wanavuta kamba siku ya sikukuu, "Haya! Haya! Bado!" Sanga anapiga mluzi. Tumbo likapanda. Likapanda mpaka daraja likanyooka, limekaza, kama uzi wa mwashi. Upande wetu hakuna aliyegusa.

Mimi nilikuwa wa kwanza kukimbilia pale tulipoachiwa. Nikaruka. Halikunirusha. Lilikuwa gumu kama sakafu, likanigonga magoti. Na upepo wa korongoni ulipopita, likavuma, vuuu, sauti ambayo haikuwahi kuwapo, ndogo, haiishi, kama mbu aliyeko chumba cha pili. Nikasema moyoni limepona. Lilikuwa limechoka, sasa limesimama. Nilimpelekea mama habari hiyo kama zawadi. Aliniuliza, "Linavuma?" Nikasema ndiyo, linaimba. Akaacha kanga anayoikunja, akatoka nje, akasimama akisikiliza upande wa mto, lakini kutoka nyumbani halisikiki.

Asubuhi ya mgeni, mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Kivuko cha juu kilikuwa kimejaa maji ya matope, hakipitiki, na wanawake wote walikuwa wametakiwa ng'ambo kupika. Kwa hiyo mama ilibidi apite darajani. Alitangulia sana ili asikutane na babu, lakini babu naye, mzee wa kupokea wageni, alitangulia. Mama alisikia kikohozi akiwa amebakiza kidogo kufika darajani. Akafanya alilolizoea, akashuka mahali pale pale alipokatazwa, akachuchumaa. Babu akampita, akaingia darajani, koti lake zuri, fimbo yake. Mimi nyuma yake, sare ya shule, nimebeba kigoda chake. Kutoka ng'ambo watu walikuwa wanaingia nao, wamebeba ngoma na makreti ya soda, wanakuja kumpokea mgeni upande wa ofisini. Hatukuwa tumefika mbali, babu na mimi. Ukingo ulikuwa karibu, ningeweza kuutemea mate.

Nilisikia chini nyuma yangu. Ti. Ti. Ti-ti. Kama mtu anavunja vijiti vya kuwashia moto.

Halafu mama yangu alikuwa darajani. Kanga imeanguka, kichwa wazi, uso wazi, nywele zimefunuka, mbele ya wanaume wote wale. "Rudini! Waya unakatika! Rudini!" Alinidaka mkono, akanivuta kwa nguvu nikaanguka na kigoda kwenye matope ya ukingoni. Na yeye hakutoka. Aligeuka tena, akanyoosha mkono, akamwita, "Baba! Baba, rudi, njoo huku!"

Babu aligeuka. Nilimwona akimwona. Miaka yote ile, ndiyo mara ya kwanza. Hatua chache tu, na mkono wa mama uko pale, umenyooshwa. Nilidhani atakuja. Mzee yule alinyanyua koti lake, akajifunika uso, akampa mkwewe mgongo, akaondoka upesi, kama mtu mwenye heshima zake anavyompisha mkwe njiani. Akaelekea katikati.

Mama aliruka ukingoni wakati ncha ya waya uliokatika inafyatuka juu ya nguzo. Sauti yake sitaieleza, mtu aliyewahi kusikia mti mkubwa ukipigwa radi anaijua kidogo. Daraja likapinduka upande mmoja kama mkeka unaokung'utwa. Wengine walishika waya wa pili, wakaning'inia, wakaokolewa. Babu na waliokuwa katikati walianguka kwenye mawe. Chupa za soda ziliendelea kuelea mtoni muda mrefu.

Tulizika. Mgeni hakuvuka, alirudi na gari lake. Na baada ya matanga kidogo, Ambakisye akaitisha mkutano uwanjani, mbele ya ile mashine. Ningekuwa sijaona kwa macho yangu ningesema watu wanatunga. Hakuna aliyeuliza kuhusu Chunya. Hakuna aliyeuliza kuhusu kukaza. Sanga alikaa kwenye kiti, amekunja nne, anatazama kucha zake. Ambakisye alisimama akasema kwa huzuni, anajua kuhuzunika yule, kwamba daraja la chuma halianguki hivi hivi. Limebeba mashine, litaangushwa na wazee na soda? Kuna mwanamke amemfunulia uso baba mkwe wake juu ya maji. Kuna mzee alikuwa anatoka salama, akakimbizwa na aibu mpaka kwenye mauti. Watu wakaguna. Bibi yangu, mke wa babu, alikuwa ameinama tu.

"Atasema alijifunua waya ulipokwisha kukatika," Ambakisye akasema, "kwa hofu, mtu yeyote angefanya. Hapo tungemsamehe. Basi tumuulize aliyekuwepo. Mtoto, njoo."

Nilisimama mbele. Mama alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, amejifunika.

"Usiogope. Mama yako alifunua uso kabla waya haujakatika, au baada?"

Nilifurahi. Ndivyo ilivyokuwa, siwezi kuificha, nilifurahi kuulizwa. Nilijiambia, sasa wataelewa. Akili yangu ilikuwa nyepesi kama maji: kama ni kabla, basi mama alijua. Kama alijua, basi alisema kweli siku ile ya jani la mgomba, na wao waliocheka ndio waongo. Nikasema kwa sauti kubwa, ile ya kumjibu mwalimu, ili hata wa nyuma wasikie.

"Kabla!"

Uwanja mzima ukapumua pamoja. Ambakisye akafunga macho, akatikisa kichwa taratibu. "Mmesikia wenyewe. Kutoka kwa mtoto wake wa kumzaa."

Sikuelewa. Nilitazama huku na huku nikitafuta mtu wa kunipongeza. Wanawake waliokaa karibu na mama walikuwa wanasogea, mmoja mmoja, wanavuta pindo za kanga zao ili zisimguse.

Walimpa mama mpaka asubuhi awe ameondoka kijijini. Alifunga vitu vyetu vichache, tukashuka kwenye kivuko cha juu, maji yalikuwa yamepungua lakini bado yanafika kiunoni mwake. Dada yake mkubwa alikuwa Iringa, ndiko tulikokuwa tunakwenda, ingawa sikujua Iringa ni nini. Nilikuwa nalia tangu nyumbani. Ukingoni nikamuuliza, "Mama, nilikosea kusema kabla?"

Alikuwa anakunja kanga yake kiunoni asilowe.

"Hukukosea. Mimi ningesema hivyo, wangesema naongopa. Wewe wamekusikia wote." Akatazama upande wa chini wa mto, kule nguzo zilikobaki zimesimama bila kitu. "Sasa kila mtu pale anajua kwamba muda wa kurudi ulikuwepo."

Akachuchumaa nipande mgongoni, tukaingia majini.